Adhabu ya Admin

Mfukoni mwa shati lake mlikuwa na kalamu nne kila siku, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Aliazima kalamu ili aandike jambo kwenye daftari lake, akaandika, akafikiri, akaitia mfukoni, na mwenye kalamu akabaki akitazama vidole vyake vitupu. Ukimdai anakupa, ila si ile yako. Basi huyo ndiye aliyekuwa hakimu wetu wa mambo ya wizi katika miaka ya vita, na mimi niliyesomea sheria, ninayeshinda mahakamani siku hizi, sijamwona hakimu mwingine aliyejisumbua kiasi kile kutafuta adhabu iliyo sawa.

Tulimwita Admin, na wenye adabu zaidi walimwita Papa Admin. Alikuwa na chumba kimoja Kabondo, hapa Kisangani, kimeegemea ukuta wa kanisa dogo, na ndani yake kompyuta nane juu ya meza mbili ndefu. Ya tisa ilikaa chini ya meza yake mwenyewe, imefunikwa kitambaa kama sufuria ya wali, na ndani ya hiyo ya tisa kulikuwa na dunia nzima. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa watu kucheza pamoja: mnaingia wengi, mnakata miti, mnachimba mawe, mnajenga nyumba, mnafuga. Hakuna mshindi wala mwisho. Ulichojenga leo utakikuta kesho palepale, isipokuwa kama mwenzako amekiiba au amekivunja. Wengi tulicheza tukiwa mle chumbani, wengine waliingia kwa simu kutoka chuoni, na mtandao ukiwa mzuri waliingia hata watu wa Bunia na wa Kinshasa ambao hatukuwahi kuziona sura zao.

Aliyewahi kucheza michezo ya namna hiyo anajua kinachofuata. Kuna watu wanaoingia kwa ajili ya kuharibu tu. Wanachoma msitu wa mwenzao, wanaelekeza maji sebuleni kwake, wanachimba shimo mbele ya mlango wake halafu wanakaa kando wakingoja atoke. Mahali pengine dawa yao ni moja: msimamizi anabonyeza mara moja, jina linafutwa, mtu haingii tena. Admin alilikataa jambo hilo tangu siku ya kwanza.

"Kufukuza batu ni kazi ya vita," alisema. "Hapa kwangu hatufukuzake mutu."

Ilikuwa miaka ambayo kila juma ndege zilishusha kwenye uwanja wa Bangboka watu waliofukuzwa makwao mashariki, na malori yalileta wengine kwa barabara ya msituni, wamekaa juu ya magunia. Hakuna aliyemwomba afafanue.

Nikikikumbuka chumba kile, nakumbuka kwanza rangi. Dirishani alitundika kitenge cha mkewe, cha bluu, ili jua lisipige skrini, kwa hiyo uliacha nje vumbi na baiskeli na kelele za Kabondo, ukainamisha kichwa mlangoni, ukaingia kwenye mchana wa bluu. Upande wa pili wa ukuta kwaya ya kanisa ilirudia ubeti uleule wiki nzima. Macho yalilegea, na mtu alipotea humo bila kulala. Hadi leo nina mlima kichwani mwangu, upande mmoja mvua inanyesha na upande wa pili kumekauka, na siwezi kuapa kama niliupanda kwa miguu au kwa vidole. Kisangani hatuna milima, kwa hiyo jibu nalijua, lakini miguu yangu haikubali.

Umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha, na ulipokatika skrini zote nane zilizimika pamoja. Hapo ndipo ilipokuja desturi ambayo sijaiona kwingine. Admin alifungua daftari na kusema, "Kila mutu aseme fasi yake." Tukasema mmoja mmoja mahali tulipokuwa tumesimama na kitu tulichokuwa tumeshika wakati dunia ilipozimika. Mimi niko kwenye daraja, nina samaki wawili. Mimi niko shimoni, nina mkaa. Aliyekaa kando yako ndiye shahidi wako. Aliandika yote, na umeme uliporudi, kama mashine ilikuwa imekupokonya kitu, alikurudishia kwa kufuata daftari. Mara nyingine umeme ulichelewa, nasi tukaendelea kukaa mle bila skrini, tukiambiana habari za daraja na za shimo kama watu waliotoka huko muda si mrefu. Nilizipenda saa hizo kuliko mchezo wenyewe.

Bila shaka kulikuwa na waongo. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, mrefu, mcheshi, ambaye sote tulimwita Docteur, alitangaza siku moja kwamba umeme umekatika akiwa ameshika dhahabu arobaini. Shahidi wake akatazama dari. Admin akaandika arobaini, na umeme uliporudi akampa arobaini. Kesho yake umeme ukakatika tena, na kila mmoja wetu, benchi zima, akatangaza kwa sauti ya msiba kwamba amepotewa na dhahabu arobaini. Docteur alicheka mpaka akaomba mwenyewe aondolewe zile zake. Admin hakucheka. Alipiga mstari kwenye daftari, akasema, "Voilà, imerudi," na kalamu ya Docteur ikaingia mfukoni.

Huyo Docteur ndiye aliyechoma daraja la mbao walilolijenga watu wa Bunia. Mzaha tu, alisema. Wengine tulitaka afungiwe mwezi mzima. Admin akamuuliza daraja lile lilikuwa la kazi gani.

"Ya kupita, papa."

"Bon. Sasa wewe njo daraja." Njo, kwa Kiswahili chetu, ni ndiye.

Kwa siku nane Docteur alikaa kwenye mto wa mchezo na mtumbwi wake, kila anayefika anamvusha, ng'ambo hii na ng'ambo ile, kama wavushaji wetu wa mto wa kweli. Watu walimwita kutwa kucha: "Daraja, kuya huku." Siku ya tisa tulikuta amejenga daraja la mawe, pana, lenye taa pande zote mbili.

Mtu mmoja wa Kinshasa aliiba kuku. Kuku wa mchezo ule wamefanana wote, hata aliyewabuni hawezi kuwatofautisha, lakini Admin aliamuru mwizi arudishe kuku yuleyule. Mwizi akaandika kwamba kuku wote ni sawa. Admin akamjibu: "Kwako wako sawa, sababu haukumulisha." Jamaa alileta kuku mmoja baada ya mwingine, na mwenye kuku akawakataa mmoja baada ya mwingine, hata wakazoeana, hata wakaishia kujenga banda pamoja. Sitajifanya kwamba adhabu zote zilifaulu. Kuna jamaa aliyeambiwa apande upya msitu aliouchoma. Alipanda miti mitatu, akatutukana wote kwa Kilingala, hatukumwona tena.

Nilimuuliza Admin siku moja kwa nini anajitesa hivyo kwa ajili ya mawe yasiyoshikika. Umeme ulikuwa umekatika, na pengine ndiyo sababu alinijibu. Katika vita vya zamani, majeshi mawili ya nchi za kigeni yalipopigana katikati ya mji wetu, yeye alikuwa kijana. Jirani yake alikimbia. Admin aliingia nyumbani kwa jirani akatoka na godoro, kwa kuwa wengine walikuwa wanabeba, naye akabeba. Wiki chache baadaye jirani alirudi, akamkuta ameliweka uani, amelilalia. Jirani akamsalimu. Akauliza kama bomba linatoa maji. Basi. Admin alipompelekea godoro, jirani alimwambia abaki nalo, kwani amekwisha kulilalia.

"Hakuniazibu," Admin aliniambia. "Miaka mingi tunasalimiana tu, bonjour, bonjour, mpaka akakufa. Mutu akikosa kukuazibu, ile kintu inabaki na wewe. Utaiweka fasi gani?"

Kwaya ilikuwa imefika kwenye ule ubeti wake.

Katika dunia ile yeye mwenyewe hakuwa na kitu. Hakujenga hata kibanda. Lakini kila asubuhi, kabla hajatufungulia, aliingia peke yake na kuizunguka. Siku nilizowahi kufika nilimwona kupitia upenyo wa pazia: mzee mnene ameketi wima, na kwenye skrini mtu mdogo asiye na silaha anatembea kandokando ya maji, anapita nyuma ya nyumba za watu, anawasha taa palipozimika, anafunga zizi lililoachwa wazi. Hakuharakisha. Akifika juu ya kilima alisimama, akangoja jua la mle ndani litoke, ndipo anakuja kutufungulia mlango, uso wake umekunjuka. Docteur alisema huyo ndiye Mungu pekee anayemfahamu ambaye hana nyumba yake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini hajengi alisema, "Nikijenga, nitaanza kulinda ya kwangu."

Kosa lake kubwa lilikuwa sheria moja. Aliitunga kabla vita vya mashariki havijawaka upya, wakati watu walikuwa wakichoka na mchezo na kuondoka, na dunia yetu ikajaa magofu. Aliiandika kwa mkono na kuibandika karibu na mlango: nyumba ambayo mwenyewe hajaikanyaga siku thelathini ni nyumba baridi, na mawe yake ni ya yeyote atakayeyachukua. Tuliiona ni sheria nzuri. Siku hizo asiyerudi nyumbani kwake alikuwa amechoka tu, na hakuna aliyefikiria sababu nyingine ya mtu kutorudi nyumbani.

Kisha akaja Mama Madesu. Mvua ndiyo iliyomwingiza. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, aliyekimbia kutoka upande wa Sake, kule mashariki, na hapa mjini aliuza maharage, ambayo kwa Kilingala ni madesu. Alisimama nyuma yangu, beseni kichwani, maji yanamtiririka, akitazama skrini yangu.

"Iyi nyumba unajenga ni ya nani?"

"Ya kwangu, mama."

"Na mutu anaweza kujenga ile ya kwake? Ile alikuwaka nayo?"

Kabla sijajibu Admin alikuwa amekwisha kumvutia kiti.

Alijifunza kwa kidole kimoja, polepole, huku akijinong'oneza. Nyumba yake ya kweli ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, na katika mchezo ule mawe meusi yako chini sana, kwa hiyo Docteur na wengine walishuka kumchimbia. Alijenga vyumba na jiko, akaweka tanki la maji, akapanda mti wa avokado, akaweka kiti cha mumewe kando ya mlango. Alipomaliza hakuongeza hata jiwe. Alikuja mchana, akaingia kwake, akaketi, akatazama mvua ya mle ndani ikipiga nyumba yake, na baada ya nusu saa akajitwisha beseni na kurudi sokoni. Hakuna aliyemwambia kwamba hivyo sivyo mchezo unavyochezwa.

Mumewe alikuwa amebaki mashariki. Siku moja mama akapigiwa simu: mumewe atapandishwa ndege ya kuja Kisangani. Ndege ipi na siku ipi, hawakujua. Basi Mama Madesu akawa anapanda pikipiki kila asubuhi kwenda Bangboka, anakaa uwanjani mpaka ndege ya mwisho ishushe watu wake, anarudi. Wiki moja, wiki mbili, mwezi. Chumba kizima kilijua. Mimi nilijua kuliko wote, maana zipo asubuhi nilizokutana naye barabarani anangoja pikipiki, nikamwamkia, nikamtakia heri.

Na mimi nilikuwa nataka mnara. Mnara wa mawe meusi, juu ya kile kilima, uonekane kutoka kila upande. Niliandika kwenye kalenda ya simu kila siku ambayo Mama Madesu hakuingia kwake. Siku ya thelathini na moja nilianza kubomoa. Kwa alasiri mbili nyumba ilikwisha. Nilimwachia mti wa avokado, na kwa huo mti nikajiona muungwana. Kiti nilikitia tanuruni pamoja na mbao nyingine. Sikuangalia kwamba ni kiti.

Mumewe hakuja. Ile namba iliyomwahidi iliacha kupatikana. Mama Madesu alirudi chumbani siku ya Jumamosi, benchi zote zimejaa, akaketi, akaingia kwake. Kwenye skrini palikuwa na mti na mahali tambarare. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, kidole chake kimoja kikibonyeza. Kisha akamwita Admin, kwa upole kabisa.

"Papa, nimepotea? Njia njo iyi?"

Naandika haya na bado nasikia haya usoni. Admin alitazama, akauliza ni nani. Nilisimama. Nilikuwa mwaka wa pili wa sheria, wenzangu wananiita Maître, yaani wakili, na nilijitetea vizuri, Mungu anisamehe. Nilionyesha karatasi ukutani. Nikasema sheria ilikuwepo, imeandikwa, imetangazwa kwa wote, nami nimehesabu siku bila kupunja. Hata Docteur aliitikia kwa kichwa kwamba nina hoja.

"Siku makumi tatu?" Admin aliuliza.

"Makumi tatu na moja, papa. Niko nazo zimeandikwa."

"Na ulijua fasi alikuwa?"

"Nilijua."

"Fasi gani?"

"Bangboka."

Alikwenda mlangoni akasimama mbele ya karatasi ile muda mrefu, akiisoma kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akaibandua.

"Maître hakuvunja sheria," alisema. "Sheria yangu njo ilivunja nyumba. Batu wanakimbia kwao, siku makumi tatu, na mimi naandika kwa ukuta: mubebe." Alikaa kwenye kiti chake, akafungua daftari. "Mama, huyu tumufanye nini?"

"Arudishe," alisema Mama Madesu.

"Na mimi?"

Yule mama alikuwa amekwisha kusimama, anajifunga kitenge vizuri, machozi yanamtoka na hayafuti. "Wewe papa, usikanyage kule tena mpaka nikuite." Alisema kama watu wanavyosema roho ikiwaka. Naamini alilisahau neno lile kabla hajafika barabarani. Admin aliliandika.

Kuirudisha nyumba kulinichukua wiki tatu. Mama Madesu alikaa kando yangu kila alasiri, amefumba macho, na nyumba ikatoka kinywani mwake kipande kwa kipande. Vipimo vyake vilikuwa mwili wake. Dirisha hapa, aligusa bega. Meza hapa, kiunoni. Tanki la maji alilipima kwa hatua zake toka mlango wa jiko. "Si apo, Maître. Mutu mufupi njo alijenga." Niliubomoa mnara wangu wote na mawe hayakutosha, nikashuka shimoni kuchimba mengine, gizani, huku yeye akinisimulia nani alilala chumba kipi. Kiti nilikitengeneza mara nne akakikataa. Mara ya tano alikitazama, akasema niendelee. Siku moja nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Weka jiwe."

Nyumba ilipokwisha alipanda meli kwenda Kinshasa kwa binti yake. Hakutuaga, na hakumwita Admin.

Ndipo tulipotambua kwamba Admin haingii tena. Mtu aliyekataa kumfukuza mtu yeyote, hata wachoma misitu, alikuwa amemfukuza mmoja. Aliendelea kutufungulia, kuandika fasi zetu, kuamua kesi za mbuzi na mipaka, lakini hakugusa kompyuta kwa kucheza na hakutazama skrini. Alipita nyuma yetu macho yakiwa kwenye visogo vyetu. "Kule mutoni maji iko namna gani leo?" aliuliza. "Zizi wamefunga?" Tulimsimulia, naye akasikiliza ameinamisha kichwa, na nyuso zetu ndizo alizozisoma.

Docteur alijaribu kumwambia kwamba yule mama alikusudia nyumba yake tu, si dunia nzima.

"Alisema kule."

"Kule kwake, papa."

"Mwizi gani anajitafsiria azabu yake?"

Mimi nilimjia na sheria. Nilimwambia adhabu isiyo na kikomo si adhabu, ni kisasi, na kisasi cha mtu juu yake mwenyewe ni kiburi. Nilijivunia sentensi hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho. "Iko na mwisho," alisema. "Mpaka aniite." Nilimkasirikia sana. Baadaye nikaona aibu, kwa sababu mimi nilikuwa nimepewa jiwe la kuweka, na kwa kila jiwe nilipata wepesi kidogo. Yeye hakupewa kitu cha kufanya. Alipewa kungoja, kama yule mama kule uwanjani.

Miaka ikapita na vita havikupita. Kanisa lilikitaka chumba chake, kompyuta zikafa moja moja, Docteur akaenda kufanya kazi hospitalini. Nami nikaanza kuvaa joho jeusi la mahakama. Mwaka jana Mama Madesu alinipigia simu kutoka Kinshasa. Namba yangu aliipata kwa wanafunzi wa zamani. Hakuuliza habari zangu.

"Maître, ile nyumba iko?"

Nilisema sijui, labda. Akaniambia kwamba ile ya kweli haipo tena, mtu aliyepita huko amemthibitishia. Na kuna jambo linamsumbua. "Ninaota. Ninatoka ku jikoni naenda ku tanki ya maji. Ninatembea, ninatembea, sifike. Nimesahau kulikuwa hatua ngapi. Uende uniangalilie."

Nilimkuta Admin huko Simi-Simi, kwenye nyumba ya nyuma ya ule uwanja wa zamani wa ndege, mahali penye nyasi ndefu na ukimya wa mchana. Alikuwa amekonda. Mkewe alinionyesha ndani: meza moja, ile kompyuta ya tisa, skrini imegeuziwa ukuta. Umeme ukiwepo mumewe aliiwasha, alisema, kwa ajili ya wachache wanaoingia bado kwa simu. Admin alifurahi kuniona, akaniuliza kama nimepita kule siku hizi, kama maji ya mto hayajafika darajani. Nilimpigia Mama Madesu na kuiweka simu mezani, sauti wazi.

Admin alimsikiliza. Alirudia swali ili ahakikishe ameelewa: kutoka mlango wa jiko mpaka tanki. Kisha akaniachia kiti.

"Mama, Maître ataingia. Atakuhesabia."

"Na wewe papa? Macho imeharibika?"

"Macho iko muzuri. Sina ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya kwako, mama. Ulisema nisikanyage kule mpaka uniite."

Admin alikuwa amesimama, mikono nyuma, anatazama ukuta.

"Tangu ile siku?" aliuliza Mama Madesu.

"Tangu ile siku."

Nilisikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za Kinshasa, honi na watoto.

"Basi nakuita, papa," alisema. "Ingia. Wewe njo uhesabu."

Tuliigeuza skrini pamoja. Alikaa, akatafuta vitufe, vidole vimesahau. Mle ndani ilikuwa asubuhi. Alitembea kandokando ya maji, akapanda, na mimi nilitaka kumwonyesha njia lakini aliijua. Nyumba ilikuwapo, nyeusi, majani yameota hadi dirishani, mti wa avokado juu yake. Alipita kando ya kiti pale mlangoni bila kukigusa. Aliingia, akasimama kwenye mlango wa jiko, akaanza kuhesabu kwa sauti, hatua moja moja.

"Kumi na ine," alisema alipofika. "Mama, ni hatua kumi na ine."

Niliisogelea simu, maana mimi ndiye niliyeijenga, na kama hesabu imekosewa, kosa ni langu kwa mara ya pili.

"Rudia, papa," sauti ikasema. "Polepole. Nitembee na wewe."

Admin akageuka, akarudi mpaka mlango wa jiko, akaanza tena na moja.